Seti ya mipira ya kalipa za Toyota: inafufua breki iliyojam, au ni nusu ya dawa?

Mwambie muuza spea wa Gerezani pale Kariakoo, au wa Kirinyaga Road kule Nairobi, kwamba breki ya mbele ya Corolla yako imejam, naye atakuwekea mezani vitu vitatu. Cha kwanza ni kifuko chepesi cha mipira ambacho mafundi hukiita ripea kiti, ingawa hakikaliki. Cha pili ni kalipa nzima (kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski kwa pistoni) iliyovuliwa kwenye gari huko Japani. Cha tatu ni kalipa mpya ndani ya boksi, yenye jina ambalo huenda ndiyo mara yako ya kwanza kulisoma. Kifuko ndicho cha bei ya chini kuliko vyote, na ndicho kinachopimwa hapa: mipira ya kalipa ya mbele yenye pistoni moja, aina iliyozoeleka kwenye Corolla, Probox, Vitz, IST na Premio, ikifungwa nyumbani na mtu mwenye jeki, spana na subira.

Hukumu yenyewe ni hii. Mipira halisi ya Toyota, au ya Seiken ya Japani, hufanya kazi yake yote bila lawama. Shida ni kwamba kalipa iliyojam kwa kutu mara chache huumwa mipira peke yake. Mpira uliochanika ndio ulioyafungulia maji mlango, lakini yakishaingia kinacholiwa ni pistoni, na pistoni haimo kwenye kifuko. Nyota nne kwa mipira, basi. Mbili kwa anayeinunua kabla ya kuiona pistoni yake.

Kilichomo na kisichomo

Seti ya Toyota hutambulika kwa namba inayoanza na 04478 au 04479. Kwa kawaida utakuta sili mbili za pistoni, yaani ringi za mpira zenye kingo za mraba, mipira miwili ya kuzuia vumbi inayoivaa pistoni kwa nje, ringi za waya za kuibana mipira hiyo kwenye kalipa zinazozihitaji, mipira midogo ya pini ambazo kalipa huteleza juu yake, na kijifuko cha grisi. Hiyo ni ya magurudumu yote mawili. Muuzaji akikukatia nusu, hesabu vizuri, na usikubali kufunga upande mmoja mpira mpya na mwingine wa zamani: breki zitavuta gari kando.

Havimo: pistoni (kwa Toyota namba yake huanza na 47731), washa za bolti ya hozi (bomba la mpira linaloleta mafuta ya breki), nipo ya kutolea upepo, vile vibati vya chuma cha pua vinavyokaa kati ya pedi na braketi (fremu inayoshika pedi), na mafuta ya breki. Washa na mafuta ni lazima. Nipo na vibati vinategemea hali ya vilivyopo.

Grisi ya kwenye kijifuko ndiyo malalamiko makubwa. Inatosha pini nne kwa kubana matumizi. Ukitaka kupaka na sili, imekwisha. Na hapa wengi huharibu kazi nzima kwa kuongezea grisi ya beringi. Toyota hutaja grisi ya sabuni ya lithiamu yenye msingi wa glaikoli, mara nyingi ya rangi ya waridi. Kopo la grisi ya beringi nalo limeandikwa lithiamu, ila msingi wake ni mafuta ya petroliamu. Mpira wa breki umetengenezwa uvumilie mafuta ya breki, si ya petroliamu. Ukikutana na grisi ya beringi, oili ya injini, dizeli au petroli, hunywa na kuvimba. Sili iliyovimba huibana pistoni, na breki uliyoifungua kwa sababu imejam itajam upya, safari hii ikiwa safi. Nunua grisi ya mpira wa breki, au ya silikoni iliyoandikwa wazi kwamba ni ya pini za kalipa. Grisi ya shaba ni ya migongo ya pedi. Isiingie kwenye mpira.

Kuhusu saizi, usiende dukani na jina la gari tu. Corolla za mwaka mmoja zinaweza kuwa na kalipa mbili tofauti kutegemea injini na ukubwa wa rimu. Nenda na namba ya chesisi. Soma pia maandishi kwenye mwili wa kalipa, kwa mfano ADVICS, AISIN au AKEBONO, na ukiweza pima kipenyo cha pistoni kwa venia. Tofauti ya milimita 3 kati ya pistoni mbili haionekani kwa macho, ila sili haitaisamehe.

Mipira ya bandia ipo tele. Ishike sili kwa vidole: kingo ziwe kali na za mraba pande zote nne, bila mabaki ya mpira uliomwagika pembeni mwa kalibu, na ikikunjwa irudi umbo lake papo hapo. Iache usiku mzima kwenye kikombe cha mafuta safi ya breki. Mafuta yakigeuka meusi, au sili ikitoka imelegea, itupe. Kupoteza sili moja kwenye kikombe ni nafuu kuliko kuipotezea barabarani.

Kabla ya kutoa pesa

Gurudumu linalokamata si lazima liwe na kalipa mbovu. Inua gari, liweke kwenye stendi, kanyaga breki, achia, kisha jaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, fungua nipo kidogo. Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likaachia, kalipa yako haina hatia kubwa: kuna mgandamizo uliofungiwa, na mtuhumiwa wa kwanza ni hozi. Hozi ya zamani huvimba kwa ndani hadi njia ikawa kama vali: mguu unasukuma mafuta kupita, ila hayarudi. Kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa. Funga nipo, kanyaga breki tena uachie, kisha legeza kiungio cha juu, pale hozi inapokutana na bomba la chuma. Gurudumu likiachia hapo pia, tazama masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Seti ya mipira ya kalipa haitibu lolote kati ya hayo mawili.

Gurudumu likibaki limekamata huku nipo ikiwa wazi, sasa ni pistoni, pini, au pedi zilizokwama kwenye braketi. Vua kalipa uzisome pedi. Ya ndani ikiwa imeisha sana kuliko ya nje, shuku kwanza pistoni isiyorudi. Ya nje ikiisha mapema, pini hazitelezi, hivyo mwili wa kalipa haurudi. Pedi ikiliwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, pini moja kati ya mbili imekufa. Na pedi ambayo haitoki kwenye braketi bila nyundo imeshatoa jibu: kutu imeota chini ya vibati vya pua, ikaviinua, ikaibana masikio ya pedi. Kosa hili la mwisho ni la kawaida mno, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari, Mombasa, Zanzibar au Masaki, na kwa yale yaliyotoka Hokkaido na maeneo mengine ya Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Dawa yake ni tupa na brashi ya waya, kifuko hakihitajiki.

Kuitoa pistoni

Legeza nati za tairi (spana ya boksi namba 21 kwa Toyota nyingi) gari likiwa bado chini, weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua, weka stendi. Kazi hii haifanywi juu ya jeki peke yake hata kwa dakika tano.

Kitu cha kwanza kulegeza ni nipo, kalipa ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Tumia boksi au spana ya ringi yenye pembe sita, namba 8 au 10. Spana ya mdomo wazi itaivua kona na kukuacha na kijiti laini. Nipo yenye kutu ipulizie mafuta ya kulegezea kutu jana yake, kisha igonge kichwani kwa nyundo ndogo mara kadhaa, igeuze kidogo kukaza halafu kulegeza. Ikikatika, hesabu ya kazi nzima hubadilika, na ni afadhali ujue hilo sasa kuliko baada ya kufunga mipira mipya.

Legeza pia bolti ya hozi kidogo, kwa kawaida namba 14, kisha irudishe iguse tu. Kalipa ikishavuliwa huna pa kuishikilia ili ulegeze bolti iliyokaza.

Fungua sasa bolti za pini, nyingi namba 14, utoe kalipa na pedi huku hozi ikiwa bado imeungwa. Hapa ndipo wenye haraka hukimbilia kompresa. Piga hesabu: pistoni ya milimita 54 ina eneo la takriban sentimita za mraba 23, na hewa ya bar 6 tu huisukuma kwa nguvu ya kilo 140 hivi. Pistoni iliyokwama haitoki taratibu. Hukaa kimya, kimya, kisha hutoka kama risasi, na vidole vilivyokuwa mbele yake huvunjika. Njia bora ni kutumia breki zenyewe. Weka kipande cha mbao ngumu ndani ya kalipa mbele ya pistoni, mtu wa pili akanyage pedali polepole, na wewe uitazame ikitoka. Mafuta hayabanwi kama hewa, kwa hiyo hakuna mshtuko, na nguvu ni kubwa mno: kwenye bar 50 pistoni hiyohiyo husukumwa kwa zaidi ya tani moja. Kwa kila milimita 40 inazotoka, pistoni hunywa karibu mililita 90 za mafuta, hivyo tazama tangi la mafuta ya breki lisikauke; upepo ukishuka hadi kwenye kifaa cha ABS, utautoa kwa taabu.

Ikibaki milimita chache itoke, acha pedali. Chukua kijiti, kitegemeze kwenye kiti cha dereva, ubonyeze pedali sentimita 2 au 3 na kuiacha hapo. Pedali ikiwa imebonyea, tundu la tangi ndani ya masta silinda huzibwa, na mafuta hayatamwagika ukifungua hozi. Ujanja huu mdogo huokoa nusu lita na sakafu. Kisha toa bolti ya hozi, weka beseni, na umalizie pistoni kwa mkono, kwa kuizungusha. Ikigoma, hewa kidogo kutoka pampu ya baiskeli kupitia tundu la hozi, mbao ikiwa mahali pake, hutosha. Isishikwe kwa plaizi kwenye uso wa nje. Meno ya plaizi ndiyo mwisho wa pistoni hiyo.

Pistoni iliyogoma hata pedali kwa kawaida imekufa. Bunduki ya grisi iliyofungwa kwenye tundu la nipo huweza kuitoa, kwani grisi husukuma bila kuruka, ila baada ya hapo kila chembe ya grisi hiyo ioshwe kwa spiriti, maana ni ileile inayoua mpira.

Kutu inayosameheka na isiyosameheka

Hii ndiyo sehemu ambayo karatasi ya kwenye kifuko haisemi neno. Ndani ya kalipa, sili hukaa kwenye mfereji uliochongwa kwenye ukuta wa silinda, haitembei. Inayotembea ni pistoni, ikiteleza katikati ya sili. Maana yake, uso unaozuia mafuta yasivuje ni wa pistoni, si wa ukuta. Mashimo madogo ya kutu kwenye ukuta wa silinda, nje ya mfereji, yanasameheka. Shimo dogo kwenye pistoni, mahali sili inapopita, halisameheki hata likiwa la ukubwa wa kichwa cha sindano. (Kwenye masta silinda na silinda za breki za dramu mambo ni kinyume: pale kikombe cha mpira hutembea na ukuta ndio unaoziba. Ndiyo maana fundi aliyezoea dramu huwa mkali kwenye ukuta wa kalipa na mpole kwa pistoni, akahukumu kesi kichwa chini.)

Sili hiyo ina kazi ya pili. Ukikanyaga breki, pistoni huikunja kidogo kuelekea nje. Ukiachia, mpira hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo. Sasa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikiota chini ya mfereji, huisukuma sili dhidi ya pistoni, mkunjo unapotea, na pistoni hairudi. Ukifunga sili mpya juu ya kutu ileile, breki itakamata tangu siku ya kwanza. Kazi nzima ya seti hii imo kwenye mfereji huo wenye upana wa milimita chache.

Toa sili ya zamani kwa kijiti cha mbao au plastiki. Bisibisi huchubua kingo, na mkwaruzo kwenye kingo ni njia ya kuvuja. Kwangua mfereji kwa kijiti kilichochongwa na brashi ya nyuzi za shaba nyeupe, si kwa brashi ya waya ya kwenye drili. Kutu ngumu kwenye kalipa ya chuma cha kusubu huyeyuka ukiilaza ndani ya siki nyeupe usiku kucha, kisha ukaisugua, ukaisuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, na kuikausha papo hapo kwa hewa. Ukichelewa dakika kumi tu, rangi ya chungwa inarudi. Kalipa ya alumini isitiwe siki. Pistoni nayo isilazwe humo, kwani asidi hupenya chini ya kromu. Usafishaji wa mwisho ni kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki. Petroli, ambayo ndiyo sabuni ya gereji nyingi, ikae mbali.

Pistoni ifute, kisha pitisha ukucha juu ya kila alama. Madoa ya rangi peke yake si kitu. Ukucha ukinasa ndani ya njia ya sili, nunua mpya. Kuna wanaoisugua kwa msasa wa maji namba 1000 hadi ing'ae. Itang'aa kweli, lakini kromu ikishatoboka chuma kilicho chini yake hakina kinga, na msimu wa mvua unaofuata utakuta malengelenge. Kutu iliyo kwenye mdomo wa nje, pale mpira wa vumbi unapokaa na sili haifiki, unaweza kuisafisha na kuendelea. Baadhi ya magari yana pistoni za plastiki ngumu. Hizo hazishiki kutu, ila zitazame nyufa na kingo zilizomeguka.

Pini zisafishwe hadi ziwe laini kama mpya, na matundu yake yatolewe grisi ya zamani iliyokauka kama nta. Usiyapanue kwa drili. Kwenye Toyota nyingi pini moja kati ya mbili ina kipande cha mpira mwishoni. Kumbuka ilitoka tundu gani, la juu au la chini, na uirudishe hapohapo. Ukibadilisha, kalipa itajikaza.

Kurudisha

Osha mikono. Lowanisha sili kwa mafuta mapya ya breki au grisi yake, iingize kwenye mfereji kwa kidole na uuzungukie wote kuhakikisha haijajipinda. Kwa mpira wa vumbi wenye ringi ya waya, pistoni huingia kwanza, mpira baadaye, ringi mwisho. Kwa ule usio na ringi, ambao mdomo wake huingia kwenye mfereji wa pili wa kalipa, uvalishe chini ya pistoni kwanza, ingiza mdomo wake kwenye mfereji kidogo kidogo kwa kidole, ndipo usukume pistoni kupita katikati. Ukifanya kinyume utashinda hapo mpaka magharibi.

Pistoni isukumwe ikiwa wima, kwa viganja viwili. Itakaza inapokutana na sili, kisha itashuka taratibu. Ikihitaji nyundo, imeinama au sili imejikunja. Itoe uanze upya. Klampu ya seremala itumike tu mwishoni, ikishaingia nusu.

Washa za bolti ya hozi ziwe mpya, moja kila upande. Nguvu za kukaza kwa Corolla nyingi ni 34 Nm kwa bolti za pini, karibu 107 kwa bolti za braketi, karibu 30 kwa bolti ya hozi, 8 tu kwa nipo, na 103 kwa nati za tairi. Hakikisha na kitabu cha gari lako. Tazama ile 8: nipo nyingi zinazokatika zilikazwa na mkono uliodhani unakaza bolti ya injini.

Sasa angalia nipo ilipo. Lazima iwe juu. Kama imeelekea chini umebadilisha kalipa ya kushoto na ya kulia, na hata ukipampu hadi kesho upepo hautoki, kwa sababu wenyewe hukaa juu.

Mafuta yawe DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha tangi kinavyosema. DOT 3 makavu huchemka kwa nyuzi 205, DOT 4 kwa 230. Yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140 na 155. Hewa ya pwani huyanywesha haraka, na chupa iliyokaa wazi kwa miezi kwenye rafu ya gereji si mafuta tena. DOT 5 ni silikoni, isichanganywe nayo. Nusu lita inatosha ekseli moja. Lita nzima kwa mfumo wote. Fungua nipo, acha mafuta yashuke yenyewe hadi yatiririke, ndipo uanze mtindo wa kawaida: kanyaga, fungua, funga, achia. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwaga maji mara moja, kwani huichuna.

Pedali ikishakuwa ngumu, ikandamize kwa nguvu dakika nzima huku mtu akitazama viungio vyote. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono: mkwaruzo mwepesi wa pedi ni sawa, kusukuma kwa bega si sawa. Endesha kilomita 10 kwa upole na upime joto la diski mbili za mbele kwa kipimajoto cha miale, ukilinganisha kushoto na kulia. Tofauti ya nyuzi tano au kumi ni ya kawaida. Ikifika hamsini, upande mmoja bado unakamata, na mara nyingi kosa ni pini au vibati, si mpira mpya. Diski iliyokwisha kuwa ya buluu au yenye nyufa haifai kurudishwa. Unene wake wa chini umechapwa kwenye diski yenyewe.

Na zile mbili nyingine za mezani?

Kalipa mpya ya boksi inakuokolea siku nzima, na kama nipo imekatika au mfereji wa sili umeliwa kingo, ndiyo njia pekee ya busara. Kabla ya kulipa, linganisha matundu ya pini na ya zamani, na usukume pini kwa kidole. Zile kavu zifungue uzipake grisi kabla hata ya kuifunga.

Seti hii haihusu kalipa za nyuma zenye hendibreki ndani yake, kama za Volkswagen Golf au Mazda Axela. Zile pistoni zake hurudi kwa kuzungushwa, na ukizibana kwa klampu unavunja skrubu ya ndani. Gari lenye hendibreki ya umeme linahitaji pia mashine ya kuiweka kwenye hali ya matengenezo. Hayo mpelekee fundi.

Kalipa ya mtumba ndiyo inayodanganya zaidi. Hujui imetoka mkoa wa theluji au wa jua, na rangi ya fedha iliyopulizwa jana huficha kila kitu. Ikunjue mpira wa vumbi pale dukani utazame mdomo wa pistoni. Muuzaji akikataa, mrudishie. Hata ikiwa safi, mipira yake ina umri uleule wa gari ilikovuliwa, kwa hiyo mwambie akuwekee na kifuko.